Masika Niliyokoleza Rangi

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua tangu alfajiri, umeme umekatika mara tatu, lakini mzigo umefika. Salimu ameupokea stendi akauleta kwa bajaji: mashine ishirini na nne za gemu za mkononi, za mtumba ila nzima. Tulizipanga kwenye meza ndefu na kuziwasha moja moja, mimi, yeye na Tulia.

"Zote zinawaka," Salimu akasema. Alifurahi, maana yeye ndiye fundi wetu na ndiye aliyeziagiza.

Mimi niliona jambo jingine. Vioo vilikuwa vimepauka. Nyasi za uwanja wa mpira zilikuwa kama majani ya mgomba yaliyokauka, na jezi nyekundu kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima. Nikamwambia Salimu kwamba ametuletea vioo vilivyochoka. Akaishika moja, akaigeuza huku na huku.

"Mimi naona ziko sawa, Mama Wilson. Ila mwenye jicho ni wewe."

Hilo ni kweli. Kabla ya kufungua duka hili la kukodisha na kutengeneza gemu, niliuza vitenge soko la Tukuyu miaka ishirini na miwili. Watu walitoka Mpuguso na Lufingo na kipande cha kitambaa kidogo kama kiganja, nikawatafutia mwenzake, na sikumbuki kukosea.

Nikaingia kwenye setingi. Kuna mstari wa kukoleza rangi, unaanzia sifuri hadi mia, na kiwandani wameuweka hamsini. Nikausogeza hadi sitini na tano. Hapo picha ikapata uhai. Tulia alikuwa amesimama nyuma yangu. Ni binti wa kaka yangu Ambindwile, ana miaka ishirini na sita, na huu ni mwaka wake wa nne kufanya kazi nami.

"Shangazi, hapo si imezidi?"

Nikamwambia rangi aniachie mimi. Tumezikoleza zote ishirini na nne.

Alhamisi, 21 Novemba

Ukungu haukuinuka hata saa saba mchana. Nimewasha taa dukani siku nzima.

Jumamosi, 30 Novemba

Duka limejaa. Mvua ikinyesha vijana hawana pa kwenda.

Lugano, yule mwanachuo wa ualimu kutoka Mpuguso ambaye hukodi kila Jumamosi, amerudisha mashine kabla ya muda wake. "Mama, hii imekuwaje? Inaumiza macho. Mchezaji ana uso kama nyanya."

Juzi nilizipandisha hadi themanini, kwa sababu zile sitini na tano zilianza kupauka tena. Nadhani vioo vya mtumba huchuja kama kitambaa kibaya. Nikamwambia Lugano kwamba mtu akizoea vilivyopauka, rangi ya kweli humtisha. Akasema, "Sawa, mama," kwa adabu, akaondoka. Tulia alikuwa anafuta meza. Alisikia yote.

Jumanne, 3 Desemba

Nimefungua duka nikakuta mashine nane zimerudishwa hamsini. Nane. Nikamwita Tulia.

"Nimezirudisha mimi," akasema bila kuzungukazunguka. "Wateja wanalalamika, shangazi. Wewe ukitoka wananiomba nipunguze."

"Na mimi hukuniambia?"

"Nimekuambia mara tatu."

Nilishtuka kwa jinsi alivyolisema, kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nimempandishia sauti mbele ya wateja wawili, jambo ambalo sijawahi kufanya. Kisha nimezirudisha zote themanini na kuzifunga kwa namba ya siri ninayoijua peke yangu.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani tumevaa sare mpya za kwaya ya akina mama. Kitambaa nilikichagua mimi, bluu iliyoiva. Mama Anyelwisye aliniuliza pembeni kama hatukuwa tumekubaliana bluu. Nikamuuliza, na hii ni nini? Akaangalia sketi yake, akaniangalia, akasema, "Basi, imependeza."

Jumanne, 10 Desemba

Salimu amesafiri kwenda Tanga kumuuguza mama yake. Hajui atarudi lini. Familia yao ilihamia hapa enzi za babu yake, lakini mama alirudi kwao uzeeni.

Jumamosi, 14 Desemba

Tulia ameomba ruhusa kwenda Mbeya. Amerudi jioni amelowa, na hakusema alifuata nini.

Alhamisi, 26 Desemba

Leo nimeaibika, na nitaandika yote ili nisije nikayabadilisha kesho.

Tulikuwa na mashindano ya gemu ya mpira, wachezaji kumi na sita, wengine wametoka Lufingo na Igogwe kwenye mvua. Hezron, mwalimu wa vijana kanisani kwetu, ndiye aliyeyaandaa, na zawadi ilikuwa mbuzi aliyefungwa barazani. Tulifunga turubai mbele ya duka. Nilizipandisha mashine zote hadi tisini asubuhi, nikitaka zipendeze, maana siku ilikuwa ya giza.

Raundi za kwanza watu walinung'unika tu. Fainali ikawakutanisha Lugano na Neema, muuguzi kijana anayeishi Igogwe. Timu ya Lugano ilivaa nyekundu, ya Neema rangi ya chungwa. Dakika ya pili Neema akampasia mchezaji wa Lugano. Watu wakacheka. Akampasia tena. Mara ya tatu Lugano akafunga bao, na Neema akaiweka mashine mezani.

"Hawa wote wamevaa nguo moja. Mimi siwezi kujua wangu ni nani."

Hezron akaichukua, akaitazama. Akaniita. "Mama Wilson, hebu ona. Nyekundu na chungwa zimekuwa kitu kimoja. Hata uwanja unawaka kama rangi ya kuandikia kuta."

Niliitazama. Niliona timu mbili zilizopauka kidogo, basi. Nikasema mbele ya wote kwamba picha ni nzuri kabisa na Neema akubali ameshindwa. Watu wapatao thelathini walikuwa wananitazama kana kwamba nimesema mvua hainyeshi. Kijana mmoja nyuma akasema tumeitwa hapa tufanywe wajinga.

Ndipo Tulia akaja karibu. "Shangazi, nipe namba ya siri. Nizirudishe hamsini, warudie mechi."

"Hakuna atakayezigusa."

"Tafadhali. Dakika mbili tu."

"Nimesema hakuna."

Sikuwa na hasira peke yake, nilikuwa na hofu, wala sikujua nahofia nini. Hezron akafunga daftari lake, akasema mashindano yameishia hapo, hakuna mshindi. Mbuzi amerudi Lufingo na mwenyewe.

Ijumaa, 27 Desemba

Hakuja mteja hata mmoja.

Alhamisi, 9 Januari

Mashine zote sasa ziko mia, mwisho wa mstari, na bado zimepauka. Nilikaa nazo asubuhi nzima. Nilizikoleza sitini na tano zikapendeza, zikachuja. Themanini, zikachuja. Tisini, zikachuja. Kioo hakichuji namna hiyo kwa wiki saba.

Shemeji Erasto, mdogo wa marehemu mume wangu, alipita kunisalimia. Fremu hii ya duka aliijenga kaka yake, na tangu mazishi Erasto amekuwa akisema mali ya ukoo inafaa ishikwe na mwanamume wa ukoo. Kwa kawaida simsikilizi. Leo nilimweleza habari ya vioo, hata safari ya Tulia ya Mbeya mwezi Desemba.

"Vioo vizuri vya gemu vinauzwa Mbeya kwa siri," akasema. "Mtu anatoa kizuri, anaweka kibovu. Huyo binti wa kaka yako alifuata nini Mbeya?"

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Ila neno limeniingia.

Jumamosi, 11 Januari

Tulia ameomba tena ruhusa ya Mbeya. Nikamuuliza anakwenda kwa nani.

"Kuna jambo nalifuatilia, shangazi. Likikamilika nitakuambia."

Alikuwa na mkoba uliotuna. Sikuufungua. Sasa hivi naona afadhali ningeufungua.

Jumamosi, 18 Januari

Tumefanya kikao Lufingo, nyumbani kwa kaka. Mvua ilikuwa nzito juu ya bati hadi ikabidi tuongee kwa sauti. Tulikuwa watano: kaka Ambindwile, mkewe, shemeji Erasto aliyesema amekuja kwa sababu duka ni la ukoo wao, mimi na Tulia. Wifi alileta chai na magimbi, hakuna aliyekula.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kama mtu aliyejipanga: mashine zilizorudishwa bila ruhusa, safari za Mbeya, mkoba, vioo kupauka. Nilipomaliza, kaka alimgeukia binti yake.

"Tulia. Shangazi yako anasema umembadilishia vioo ukauza vyake. Umefanya hivyo?"

"Hapana, baba."

"Mbeya ulifuata nini?"

Tulia alimtazama shemeji Erasto. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Siwezi kusema hapa."

"Basi ameshasema," Erasto akajibu, akachukua gimbi.

Wifi alianza kulia bila sauti. Kaka, ambaye ni mzee wa kanisa na hajawahi kusimamishwa mbele ya mtu kwa ajili ya mtoto wake, aliinama hadi sikuuona uso wake. Akasema kwa Kinyakyusa, taratibu, kwamba mtoto huyu hatakanyaga tena duka langu, na kwamba ananiomba msamaha kwa niaba yake.

Tulia akasimama. Akaweka funguo za duka mezani, mbele yangu.

"Shangazi, asubuhi kukiwa na ukungu usivuke barabara peke yako. Subiri mtu wa kuvuka naye."

Nilidhani ananitisha. Nilimwambia hayo hayo: kwamba sasa ameongeza na vitisho. Akatoka kwenye mvua bila kujifunika.

Jumatatu, 20 Januari

Nimefungua duka peke yangu. Nimemwaga chai mezani. Nilidhani kikombe kiko karibu zaidi.

Jumatano, 29 Januari

Mvua.

Jumamosi, 1 Februari

Mteja mmoja, na alitaka kuchaji simu tu.

Jumanne, 11 Februari

Nimeponea chupuchupu. Nilikuwa navuka kutoka sokoni saa mbili asubuhi, bajaji ikapita mbele yangu hadi ikanichania mkoba. Dereva alisema alipiga honi na taa alikuwa amewasha. Taa nilizionaje? Niliona mwanga umetapakaa kama maziwa yaliyomwagika, sikujua unatoka wapi. Watu walinikalisha kwenye ngazi za duka la dawa. Nilikumbuka maneno ya Tulia, nikajiambia amenilaani.

Jioni Erasto alikuja kunipa pole. Aliongea habari za mwanawe anayetafuta kazi. Kabla ya kuondoka alipima upana wa fremu kwa hatua, ukuta hadi ukuta. Alidhani simwoni, na kusema kweli nilimsikia zaidi kuliko kumwona.

Jumamosi, 22 Februari

Salimu amerudi. Mama yake alifariki mwezi uliopita, tulimpa pole kwa simu, leo nimempa tena ana kwa ana. Akaketi, akauliza Tulia yuko wapi. Nikamweleza.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Mama Wilson, mbona hukunipigia simu kuniuliza?"

Akatoa kwenye sanduku lake la vifaa daftari dogo lenye jalada la bluu, au nilidhani ni la bluu. Siku mzigo ulipofika, akasema, alizifungua mashine akaandika namba ya kila kioo kabla ya kuzifunga tena, ni desturi yake. Akachukua bisibisi. Alifungua zote ishirini na nne, moja baada ya nyingine, na mimi nikimsomea namba. Yaani nilijaribu kumsomea. Tarakimu zilikuwa ndogo, zilinitoroka, akawa anasoma mwenyewe. Ilichukua kuanzia saa nne hadi baada ya sala ya alasiri, ambayo aliiswali nyuma ya duka kisha akarudi.

Kioo cha mwisho akakiweka mezani.

"Vyote ni vilevile. Hakuna hata kimoja kilichoguswa."

Sikuelewa. Nilimwambia arudie kuhesabu. Hakurudia. Aliwasha mashine moja, akanipa.

"Uliiweka ngapi?"

"Mia."

"Unaionaje?"

"Imepauka."

Kisha akaingiza mkono kwenye kopo la nyaya, akatoa waya. "Huu ni rangi gani?"

"Kijivu."

"Na huu?"

"Kijivu hichohicho, Salimu. Unanifanyia mtihani?"

"Wa kwanza ni bluu. Wa pili ni zambarau." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Njoo mlangoni, Mama Wilson. Simama hapa kwenye mwanga. Nitazame."

Nikasimama. Alinitazama machoni kwa namna ambayo mwanamume asiye wa nyumbani kwako hakutazami, na niliona aibu, kisha nikaona kwamba yeye hana aibu, ana huzuni.

"Kuna weupe katikati ya jicho. Yote mawili, la kulia zaidi. Mama yangu alikuwa nao. Ni mtoto wa jicho."

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Mama yangu mzazi alikufa haoni. Miaka yake ya mwisho tulimshika mkono hadi chooni. Mimi najua ugonjwa huu unavyoanza, niliuona ukianza kwa macho yangu, na kwangu sikuuona. Watu waliniambia nyekundu imezidi, nikawaambia hawajui rangi. Kijana aliniambia macho yanamuuma. Mtoto wa kaka yangu aliniambia mara tatu.

Salimu aliniletea maji. Nilimuuliza swali moja tu. "Basi vioo vilikuwa vizima tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Jumanne, 25 Februari

Salimu na mkewe Mwantum wamenipeleka Mbeya kwenye kliniki ya macho. Mwantum alinishika kiwiko njia nzima bila kulifanya kuwa jambo kubwa.

Muuguzi wa mapokezi aliniuliza jina. Tusekile Ambakisye, nikasema, kutoka Tukuyu. Akafunua daftari lake nyuma, kurasa nyingi, akaweka kidole.

"Wewe tunakungoja. Jina lako liko hapa tangu Januari."

Nikamwambia kuna mwingine wa jina hilo, mimi sijawahi kufika.

"Alikuja binti yako. Alikuja Desemba kuuliza, akarudi Januari kukuwekea nafasi. Alileta na mashine ya gemu kwenye mkoba, akamwonyesha daktari. Akasema, shangazi yangu anaiona hii imepauka. Daktari alishangaa, ilikuwa inawaka kama moto. Tulikupangia Februari mosi. Hukutokea, na namba yake ya simu aliyoacha ikawa haipokelewi."

Niliomba kuona jina. Sikuweza kulisoma. Mwantum akanisomea: Tusekile Ambakisye, miaka hamsini na minane, mtoto wa jicho yote mawili, mleta taarifa Tulia.



Jumatano, 26 Februari

Kwa nini hakusema? Alikuwa na neno moja la kumwokoa. Angelisema tu pale kwenye kikao.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Tulia mara nne. Haipokelewi. Lugano ameniambia kwamba Tulia sasa ana meza ya kutengeneza simu soko la Mpuguso.

Jumatano, 12 Machi

Wamenifanyia jicho la kulia. Haikuuma. Naandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari alifungua bandeji asubuhi. Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa shuka la kitanda, na nilifumba jicho, kwa sababu sikujua kwamba nyeupe iko hivyo. Dirishani kulikuwa na anga kipande, mawingu yalikuwa yamefunguka. Bluu. Nilikuwa nimeisahau. Sikujua kwamba nimeisahau. Mwantum alikuwa amevaa hijabu ya zambarau, nikamwomba asogee, nikaishika, nikalia hadi muuguzi akanikataza.

Njiani kurudi mashamba ya chai yalikuwa yananijia moja moja, mstari na mstari.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefungua kabati nyumbani. Sare ya kwaya ni ya kijani, kijani cha majani mabichi ya mgomba. Akina mama thelathini na mmoja waliivaa Krismasi nzima na hakuna aliyesema.

Kisha nikaenda dukani na kuwasha mashine.

Siwezi kueleza vizuri. Uwanja ulikuwa kijani kinachochoma, si cha nyasi yoyote ya duniani. Nyuso za wachezaji zilikuwa nyekundu kama zimechunwa ngozi, hazina pua wala kivuli, maana rangi ilipojaa ilimeza kila kitu kilichokuwa ndani yake. Nyekundu na chungwa zilikuwa rangi moja, bonge moja. Nilifumba jicho lililotibiwa nikatazama kwa lile bovu: picha ikapauka, ikawa ya kawaida. Nikafumba bovu nikatazama kwa zima: moto. Nilifanya hivyo mara nyingi, kama mwendawazimu, nikiwa nimesimama peke yangu katikati ya duka. Hivi ndivyo nilivyowakodishia watu tangu Novemba. Kwa hiki nilimwita mtoto mwizi.

Niliandika namba ya siri nikarudisha mashine zote hamsini. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri tangu siku zilipofika.

Jumapili, 23 Machi

Mvua kubwa. Nimeomba kaka aite tena kikao, watu walewale, mahali palepale. Akaniuliza kwa nini Erasto naye. Nikasema yeye hasa.

Jumamosi, 5 Aprili

Lufingo. Tumekaa kwenye viti vilevile. Tulia alikuja kwa sababu baba yake alimwita, akakaa karibu na mlango, hakunisalimia zaidi ya shikamoo. Amekonda.

Nilisimama. Kwetu mkubwa hasimami mbele ya mtoto kuomba radhi, anamtuma mtu, lakini mimi nilimshtaki kwa mdomo wangu. Nikasema vioo havikuguswa, Salimu alivikagua vyote. Nikasema nilikuwa sioni rangi, macho yangu yalikuwa na ugonjwa, na kila nilipoona zimepauka nilizikoleza, na kila aliyeniambia ukweli nilimgeuza adui. Nikasema Mbeya Tulia alifuata matibabu yangu. Nikamgeukia.

"Nilikuita mwizi mbele ya baba yako na mama yako. Haikuwa kweli. Nisamehe, mwanangu."

Kaka aliufunika uso kwa mikono yote miwili. Wifi alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Mungu wangu."

Erasto ndiye aliyeongea. "Yaani miezi yote hiyo duka la marehemu lilikuwa linaendeshwa na mtu asiyeona?" Akamtazama kaka. "Hili ni jambo la ukoo kukaa nalo. Jicho moja bado. Kesho itakuwaje?"

Nilimtazama Tulia, na Tulia alikuwa ananitazama, na hapo nikaelewa. Siku ile alimtazama Erasto kwanza ndipo akanitazama mimi. Alikuwa amepima. Angesema shangazi haoni, angetoka pale na jina lake safi, na mimi ningetoka pale bila duka. Akachagua. Miaka ishirini na sita, mbele ya mzazi wake anayeinama kwa aibu, akachagua kunyamaza, na mimi nikamtupia neno la vitisho akiwa anatoka.

"Shemeji, mume wangu aliacha maandishi na mwanangu Wilson anayo. Fremu ni yangu. Na kuanzia leo nusu ya biashara iliyomo ni ya Tulia, akiitaka. Mwanao atafute kazi kwingine."

Erasto alikunywa chai yake hadi mwisho, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Nadhani hajamaliza.

Mvua ilikuwa imepungua. Nilimfuata Tulia barazani, alikuwa anavaa viatu vyake.

"Uko tayari kurudi?"

"Hapana, shangazi."

"Nusu ni yako. Sikusema kumkomoa Erasto."

"Najua." Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. "Baba hakuongea nami wiki tisa. Tulikuwa tunakula meza moja. Siwezi kurudi dukani kama vile hilo halikutokea. Labda baadaye. Labda sitarudi."

Nilisema naelewa, ingawa najua sielewi, maana mimi sikuishi wiki hizo.

Alisimama. Alinitazama jicho la kulia, karibu sana, kama fundi anavyokagua kioo.

"La pili wanakufanyia lini?"

"Tarehe sita Mei."

"Nani anakupeleka?"

"Mwantum alisema atanipeleka."

Tulia alichukua mwavuli wa baba yake uliokuwa umeegemea ukuta, akaufungua, akasogea akanishika kiwiko ili tushuke ngazi zilizolowa.

"Mwambie asihangaike," akasema. "Nitakupeleka mimi."